Arbuni ya Chumba na Masharti ya Kughairi



Kila likizo ya shule au siku za Idd zinapokaribia, nyumba nyingi za pwani huingia katika shughuli ya kutafuta malazi. Wako wanaokwenda Lamu kwa Maulidi ya Mfungo Sita, wako wanaowapeleka watoto Malindi au Diani siku mbili tatu, wako wanaompeleka mgonjwa Nairobi au India, na wako waliojaaliwa kwenda Umra. Safari hizi hazifanani, lakini zote huanza kwa njia moja. Mtu mmoja katika jamaa huchukua simu, huchagua chumba, hulipa, kisha huwaambia wenziwe kwamba mambo yamekwisha. Mara nyingi mambo hayo ndiyo kwanza yameanza.

Juma hili tumeona tuzungumze juu ya masharti ya kuweka chumba na kughairi. Fedha nyingi za jamaa hupotea pasi na mwizi wala tapeli; hupotea kwa mstari mmoja ambao haukusomwa. Fedha hizo pengine zimewekwa akiba kidogo kidogo kwa miaka, au zimechangwa na ndugu watano, na zikipotea huacha nyuma yake maneno yasiyokwisha kati ya ndugu. Neno letu ni moja: anayeweka chumba hanunui chumba peke yake, hununua pia masharti, na masharti yana bei yake. Sisi watu wa pwani inatupasa kuyatazama kwa makini zaidi, kwa kuwa hesabu yetu ya siku na hesabu ya hoteli hazilingani, kama tutakavyoeleza.

Kwa nini hoteli hudai

Baadhi yetu huona kwamba hoteli inayokataa kurejesha fedha za mtu ambaye hakulala inamla haki yake. Kabla ya kuhukumu, tuitazame biashara yenyewe. Chumba cha hoteli ni kama nafasi katika jahazi. Jahazi likishang'oa nanga, nafasi iliyobaki tupu haiuziki tena. Mwenye duka asipouza kanga leo ataiuza kesho. Mwenye hoteli asipouza usiku wa leo, usiku huo umekwisha na haurudi. Mgeni akiweka chumba mwezi mmoja mbele, hoteli humkataa kila anayekuja baada yake kukitaka. Akighairi jioni ya kuwasili, hasara humwangukia mwenye nyumba.

Lakini mgeni huyo huyo akighairi wiki tatu mbele, hoteli hupata wasaa wa kumtafuta mwingine, na pengine haitapata hasara hata kidogo. Ndiyo maana masharti ya kughairi, karibu yote, hutegemea muda: kadiri siku zinavyokaribia ndivyo unavyobanwa zaidi. Ndiyo maana pia masharti ya msimu wa wageni wengi huwa makali kuliko ya msimu wa mvua za masika. Mwezi wa Disemba chumba cha pwani hakikosi mtu. Mwezi wa Mei hoteli humbembeleza mgeni, na mgeni ana nafasi ya kuomba masharti mepesi.

Aina tatu za bei

Ukitazama kwa simu au ukiuliza kwa wakala, chumba kile kile huweza kutajwa kwa bei mbili au tatu. Wengi wetu hukimbilia iliyo ndogo, tukidhani tofauti ni bahati. Tofauti hiyo ndiyo masharti.

Aina ya kwanza ni bei inayomruhusu mgeni kughairi bila ya kutozwa chochote mpaka siku na saa fulani. Muda huo ukipita, hutozwa usiku wa kwanza au kima chote, kama ilivyoandikwa. Aina ya pili ni bei ambayo sehemu yake hurejeshwa: pengine nusu hurudi na nusu hubaki, au arbuni hubaki na kilichozidi hurudi. Aina ya tatu ni bei isiyorejeshwa, nayo katika karatasi za Kiingereza huandikwa "non-refundable". Ukikutana na neno hilo, fahamu kwamba fedha zako zimekwisha kuondoka siku uliyolipa, ulale usilale.

Tuchukue mfano wa hesabu. Jamaa inataka chumba kwa siku tatu. Bei ya kughairi bure ni shilingi 8,000 kwa usiku, jumla 24,000. Bei isiyorejeshwa ni shilingi 6,800, jumla 20,400. Anayechagua ya pili amebakisha shilingi 3,600 mfukoni, na ameziweka shilingi 20,400 katika hatari. Je, amefanya vyema? Inategemea safari hiyo ina uhakika gani. Wakifanya safari ishirini kwa bei isiyorejeshwa, watalipa 408,000. Wakiziweka zote kwa bei ya kughairi bure, kisha tatu zikavunjika, watalipa safari kumi na saba tu, nazo ni 408,000 vile vile. Kwa hiyo jamaa ambayo katika safari ishirini huvunja chini ya tatu, bei ndogo inaifaa. Jamaa ambayo huvunja nne au tano, bei ile kubwa ndiyo rahisi.

Sasa kila mmoja atazame nyumba yake. Nyumba yenye mzee mgonjwa, mama mjamzito, mtoto anayengoja mtihani, au mwenye kazi ambaye likizo yake haijatiwa sahihi, haina haki ya kujidanganya kwamba safari zake ni za hakika. Kwetu sisi, pia, msiba hauna mwaliko. Ikija habari ya kifo cha jirani au cha binamu, safari huvunjwa, na hakuna anayefikiri kufanya vinginevyo. Hiyo ni tabia njema ambayo hatutaki iondoke. Lakini tabia hiyo ina gharama, na busara ni kuihesabu kabla ya kulipa.

Hesabu yetu na hesabu ya hoteli

Hapa ndipo penye mitego inayotuhusu sisi hasa, nayo ni mitatu.

Mtego wa kwanza ni usiku. Kwetu siku huanza jua linapotua. Mtu mzima wa pwani akisema usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya Magharibi. Hoteli haihesabu hivyo. Katika hoteli, usiku wa Ijumaa huanza Ijumaa mchana, kwa kawaida saa nane, na kwisha Jumamosi asubuhi kama saa nne au tano. Kijana aliyeambiwa na bibi yake aweke chumba kwa usiku wa Ijumaa, naye akachagua Ijumaa katika simu, huwafikisha wazee mlangoni mwa hoteli siku ambayo chumba si chao. Dawa yake ni kutaja mambo mawili kila mara: tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Jina la usiku liachwe nyumbani.

Mtego wa pili ni saa. Masharti huandikwa kwa saa za Kizungu. Ikiandikwa kwamba mwisho wa kughairi ni 18:00 au 6 PM, hiyo ni saa kumi na mbili jioni, wala si saa sita. Ikiandikwa 12 AM tarehe 10, hiyo ni saa sita ya usiku unaounganisha tarehe 9 na 10. Anayengoja mchana wa tarehe 10 amechelewa. Tena, saa inayohesabiwa kwa kawaida ni ya mji wa hoteli. Makka na Madina saa zao ni sawa na zetu, na Istanbul vile vile. Dubai imetutangulia kwa saa moja. India imetutangulia kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo saa sita ya usiku wa Mumbai au Chennai ni saa tatu u nusu ya usiku kwetu. Anayempeleka mgonjwa huko, akaambiwa na daktari alasiri kwamba matibabu yamesogezwa mbele, asingoje mpaka baada ya chakula cha usiku kuandika barua ya kughairi.

Mtego wa tatu ndio mkubwa, nao ni mwezi. Hoteli huuza kwa kalenda ya jua. Idd yetu hungoja mwandamo. Ramadhani huwa siku 29 au 30, na jambo hilo halijulikani ila Magharibi ya siku ya 29. Tuseme jamaa imeweka chumba Malindi, kuingia Jumamosi saa nane mchana, kwa kutaraji kwamba Ijumaa itakuwa Idd mosi na Jumamosi Idd pili. Masharti yanaruhusu kughairi bure mpaka saa 48 kabla ya kuingia, yaani mpaka Alhamisi saa nane mchana. Mwezi hutazamwa Alhamisi hiyo hiyo Magharibi. Usipoonekana, Ijumaa inakuwa siku ya kufunga, Jumamosi inakuwa Idd mosi, siku ambayo jamaa ilikuwa imeahidi kuwa nyumbani na wazee. Wanapotaka kusogeza safari, muda wa kughairi umekwisha tangu saa nne na zaidi zilizopita. Walinunua bei ya kughairi bure, na haikuwafaa kitu.

Ndugu wasomaji, kwa safari inayofuata mwezi, ruhusa ya kughairi haitoshi. Kinachotakiwa ni ruhusa ya kusogeza tarehe kwa siku moja bila ya nyongeza. Iombeni kabla ya kulipa, na ipatikane kwa maandishi. Hoteli nyingi na nyumba za wageni za pwani zinaijua Idd, na mwenye nyumba huko Lamu hahitaji kufundishwa mwandamo. Akiombwa mapema, aghalabu hukubali. Akiombwa baada ya mwezi kutoonekana, wakati wageni wengine nao wanapiga simu, huenda hana la kufanya. Lile sharti la saa 48 nalo liulizwe: huhesabiwa kutoka saa ya kuingia, au kutoka saa sita ya usiku wa siku hiyo? Tofauti yake ni saa kumi na nne.

Kutofika, kuchelewa na kuondoka mapema

Kughairi na kutofika si jambo moja. Aliyeghairi ametoa habari, asiyefika amenyamaza. Katika karatasi huyo wa pili huitwa "no-show", na adhabu yake ni nzito kuliko ya mwenzake. Kwa kawaida hutozwa usiku wa kwanza au kima chote, na hoteli nyingi hufuta pia siku zake zilizobaki na kumpa chumba mtu mwingine. Basi likikwama njiani au ndege ikicheleweshwa mpaka alfajiri, usifikiri kwamba kwa kuwa umelipa chumba kinakungoja. Piga simu, sema utafika usiku sana, na ufuatishe ujumbe wa maandishi. Dakika mbili hizo huokoa siku tatu.

Kuondoka mapema nako kuna sharti lake. Aliyeweka siku tano akaondoka ya tatu, asidhani atarejeshewa mbili. Hoteli nyingi huhesabu siku zote zilizowekwa, hasa msimu wa wageni wengi.

Liko pia jambo la upande wa hoteli. Baadhi ya hoteli, zikijua kwamba kila siku wako wageni ambao hawatafika, huuza vyumba zaidi ya zilivyo navyo. Wote wakifika, mmoja hukosa. Desturi ya biashara hii ni kwamba hoteli humtafutia mgeni huyo chumba cha daraja ile ile au zaidi mahali pengine, kwa gharama yake yenyewe pamoja na usafiri. Mgeni aliye na uthibitisho mkononi aidai desturi hiyo kwa upole na kwa uthabiti, wala asikubali kupelekwa mahali duni kisha akatozwa bei ya mahali bora.

Nani aliyepokea fedha?

Swali hili huonekana dogo mpaka siku ya kudai. Ukiweka chumba moja kwa moja na hoteli, mkataba wako ni na hoteli. Ukiweka kupitia tovuti au wakala, huenda fedha ziko kwake, na masharti yake yanaweza kuwa makali kuliko ya hoteli yenyewe. Hapo mgeni husukumwa huku na huku: hoteli humwambia amwone wakala, na wakala humwambia hoteli imekataa. Basi ujue mapema ni nani mwenye fedha na ni masharti ya nani yanayokufunga.

Jambo hili huwa zito zaidi katika safari za Umra, kwa sababu malazi huunganishwa na nauli, viza na usafiri wa ndani katika kifurushi kimoja. Usiku kumi za mwisho za Ramadhani ndizo zenye bei kubwa mno karibu na Msikiti Mtukufu wa Makka, na hoteli nyingi huziuza zote kumi pamoja, kwa fedha zisizorejeshwa. Mwenye kukusudia safari hiyo aulize kwa maandishi: viza isipopatikana, ni sehemu gani itarejea na gani itabaki? Nikiugua, naweza kumpa ndugu yangu nafasi yangu? Hoteli ikibadilishwa, itakuwa na umbali gani na Haram? Wakala mwema hachukizwi na maswali haya. Tena, kwa sheria ya Kenya, mawakala wa safari hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii; kuomba kuiona leseni si kumtukana mtu.

Anayelipa kwa M-Pesa atazame jina linalojitokeza kabla ya kuyakamilisha malipo. Fedha za hoteli zinazoelekezwa katika nambari ya mtu binafsi ni sababu ya kusita na kuuliza. Na anayetoa kadi ya benki afahamu kwamba hoteli huweza kuzizuia fedha bila ya kuzichukua. Fedha zilizozuiwa hazijalipwa, lakini hazitumiki, na huchukua siku kadhaa kufunguliwa. Asiwe amezitegemea kwa nauli ya kurudi.

Arbuni katika fiqhi

Lugha yetu ina neno lililo sawa kabisa na jambo hili, nalo ni arbuni. Asili yake ni Kiarabu, na katika vitabu vya fiqhi lina mlango wake: mnunuzi hutoa sehemu ya bei kwa sharti kwamba akiendelea itahesabiwa katika bei, na akiacha itabaki kwa muuzaji. Wanazuoni walikhitalifiana. Wengi wao, wakiwamo wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa pwani yetu, hawakuijuzisha, kwa kuona kwamba muuzaji huchukua fedha pasi na kutoa kitu. Imamu Ahmad aliijuzisha, akitegemea habari ya Nafi' bin Abdul-Harith, aliyemnunulia Sayyidna Umar nyumba huko Makka kutoka kwa Safwan bin Umayya kwa sharti la namna hiyo.

Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Brunei mwaka 1993 lilipitisha kwamba arbuni yajuzu iwapo muda wa kungoja umewekewa mpaka maalumu, na likaiingiza ijara katika hukumu hiyo, kwa kuwa ijara ni kuuza manufaa. Chumba cha hoteli ni ijara. Tumelitaja jambo hili kwa ajili ya sharti lile la muda: arbuni isiyo na mpaka ndiyo yenye shaka na ndiyo inayozaa ugomvi. Mwenye kutaka hukumu ya jambo lake mwenyewe awaulize masheikh walio karibu naye. Wallahu aalam.

Yaliyo nje ya uwezo wa wote

Tarehe 27 Februari 2020 Saudia ilisimamisha kuingia kwa wanaokwenda Umra, na tarehe 25 Machi mwaka huo Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa. Wengi waliokuwa wamelipa walijikuta hawana safari wala fedha. Baadhi ya hoteli na mashirika yalirejesha. Mengi yalitoa hati za kusafiri baadaye. Jamaa nyingi zilijifunza wakati huo kwamba kurejeshewa fedha na kupewa hati ni mambo mawili. Hati ina tarehe ya mwisho, na thamani yake hutegemea uhai wa kampuni iliyoitoa. Kwa hiyo masharti yanapotaja vita, maradhi ya mlipuko, mafuriko au amri ya serikali, tazama yanaahidi nini: fedha, hati, au kubadilisha tarehe tu. Na anayenunua bima ya safari asome ni sababu zipi zinazokubaliwa. Kubadilisha nia kwa kawaida si mojawapo.

Kudai bila ya kugombana

Ikitokea sababu ya kughairi, jambo la kwanza ni haraka. Toa habari siku ile ile, kwa maandishi, ukitaja nambari ya nafasi yako, na uombe jibu la maandishi. Hata kama bei yako ni ile isiyorejeshwa, omba. Meneja anaweza kukataa kurejesha fedha lakini akakubali kubadilisha tarehe au jina la mgeni, na mwezi wa wageni haba hukubali kwa wepesi. Ugonjwa wenye cheti cha daktari na msiba wenye kibali cha mazishi husikilizwa mara nyingi zaidi kuliko maneno matupu.

Ikiwa hoteli au wakala wa hapa nchini amevunja mapatano, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma ya ubora unaostahiki, haki ya kupewa maelezo ya kumwezesha kufaidika nayo, na haki ya fidia kwa hasara. Iko pia Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yapasa kutoa hukumu ndani ya siku 60, na humruhusu mtu kujisimamia mwenyewe. Lakini mahakamani huendi na kumbukumbu za kichwani. Risiti, ujumbe wa simu na picha ya ukurasa wa masharti siku uliyolipa ndiyo mashahidi wako.

Wajibu wetu nasi

Tumesema mengi juu ya haki zetu. Tuseme pia haki za wenzetu juu yetu. Imekuwa desturi ya baadhi ya watu kuweka vyumba katika nyumba tatu kwa wakati mmoja, kisha kuchagua dakika ya mwisho na kuwanyamazia wawili waliobaki. Hoteli kubwa ya vyumba mia mbili huenda isitikisike. Lakini mama wa Lamu mwenye nyumba ya vyumba vinne, aliyewakataa wageni wengine wiki ya Maulidi kwa ajili ya neno lako, wewe umemchukulia riziki yake. Kwamba hakukudai arbuni hakukuondoshei deni. Kuliongeza, kwani alikuamini. Ahadi ni deni hata kama haikuandikwa, na simu ya kughairi haigharimu kitu.

Kabla ya kulipa

Tunapendekeza kwamba anayeweka chumba ayasome masharti kwa sauti mbele ya wale anaosafiri nao, pamoja na majibu ya maswali haya:

1. Tarehe ya kuingia na ya kutoka ni zipi, na saa ngapi kwa saa zetu za Kiswahili?
2. Mwisho wa kughairi ni siku gani na saa gani, kwa saa ya mji upi?
3. Muda huo ukipita, tutatozwa usiku mmoja, sehemu, au kima chote?
4. Safari ikifuata mwezi, tumeruhusiwa kusogeza siku moja? Imeandikwa wapi?
5. Fedha zinapokewa na nani, na nani atakayezirejesha?
6. Bei imekwisha kujumlisha kodi ya asilimia 16 na ada ya utalii ya asilimia 2, au zitaongezwa mlangoni?
7. Tusipofika wote, anaweza kwenda mwingine kwa jina letu?

Swali likikosa jibu, malipo yangoje. Chumba kingine kitapatikana. Na mkisha kulipa, iwekeni tarehe ya mwisho wa kughairi katika simu za watu wawili, si za mmoja, na siku moja kabla yake mkae tena mtazamane: safari ingaliko? Likiwa jibu ni ndiyo, nendeni kwa salama. Likiwa ni la, mna siku nzima ya kutoa habari, na fedha za jamaa zitabaki kuwa za jamaa.

Wabillahi tawfiq.